Karatasi ya kaunta buku: kisa cha boti ya chumvi iliyokamatwa katikati ya Ziwa Tanganyika

Nilichoficha

Majina yote nimeyatoa. Mwalo, yaani pale boti zinapofunga, sitautaja, nchi ya ng'ambo sitaitaja, mwaka nimeuacha ila ni wa karibuni, na maneno ya wale jamaa wenye silaha nimeyaweka kwenye Kiswahili chetu cha Kigoma ili mtu asianze kubahatisha kwa lafudhi. Hela pia sitazitaja. Nimebakiza mfuatano wa mambo, nani aliamua nini na kwa nini, maana hapo ndo pa kujifunzia. Mimi ni msaidizi wa kisheria, na niliingia kwenye hili jambo siku ya 71 baada ya tukio. Hiyo namba ishikeni, tutairudia.

Ziwa, boti na watu wake

Wanaotoka mbali wakisikia ziwa wanafikiria maji ya kuvuka na kasia. Tanganyika ina urefu wa kilomita kama 670, kina kinafika mita 1,470, upana wa kawaida ni kilomita 50 hivi, na ukiwa katikati usiku huoni Kigoma wala huoni ng'ambo. Nchi nne zinagawana, yaani Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia, na mpaka upo kwenye ramani tu, kwenye maji hakuna jiwe wala boya. Kule kuna mashemeji zetu, kuna watu wamezika bibi zao kule na mashamba yao ya mawese yapo huku, kwa hiyo kuvuka ziwa kwa mtu wa mwaloni ni sawa na mtu wa Tabora kwenda Urambo.

Boti ya Mzee K ilikuwa ya mbao, injini moja ya HP 40 aliyoichukua kwa mkopo wa kikundi na mkopo ulikuwa haujaisha. Kazi yake ni kupeleka chumvi ya Uvinza, sabuni na unga, kurudi na vitenge. Imesajiliwa, nahodha ana zaidi ya miaka 20 ziwani, na safari ile shehena karibu yote ilikuwa magunia ya chumvi ya Mama Z, mjane anayefanya hiyo biashara tangu mume yupo hai. Makaratasi ya forodha ya chumvi yalikuwepo na yalikuwa sawa kabisa, nimeyaona kwa macho yangu.

Kasoro ilikuwa moja. Dakika za mwisho walipanda abiria wawili, mtu na dada yake, wanawahi msiba ng'ambo. Hawakuandikwa kwenye orodha, hawakupita uhamiaji. Nahodha alikataa, mwenye boti akampigia simu kumuombea ndugu zake hao, nahodha akalegea. Naomba asihukumiwe haraka, msiba ni msiba na kwetu mtu hazuiwi kwenda kuzika, ila ile nafasi ya watu wawili ndo iliyokuja kuwaziba midomo wote baadaye.

Usiku wenyewe

Waliondoka saa mbili usiku, kipindi cha giza, mwezi haupo, wavuvi wa dagaa wamejaa. Nahodha anasema masaa mawili ya kwanza ilikuwa taa kila upande kama mtu anayepita katikati ya soko la usiku, alafu taa zikaanza kubaki nyuma moja moja hadi ikabaki sauti ya injini yao tu.

Kwenye saa saba kasoro ikaja boti ya fiba, injini mbili, haina taa, haina bendera, imetokea ubavuni kwa kasi na ghafla tochi kali ikawa usoni kwa nahodha. Risasi mbili zikapigwa juu. Watu sita, bunduki wanazo, magwanda wamevaa lakini hayafanani, mmoja ana shati la jeshi na chini kaputula na yeboyebo. Mama Z aliniambia hizo yeboyebo ndo zilimtisha kuliko bunduki, kwa sababu askari wa kweli una wa kumshtakia kwa mkubwa wake, ila huyu wa yeboyebo hujui mkubwa wake ni nani.

Kijana wa kazi, wa miaka 19, alishika ukingo wa boti anataka kuruka. Nahodha akazima injini na kumwambia kwa sauti ya kawaida kabisa, "Kaa chini mwanangu, hayo maji hayana mwisho." Akakaa. Wale jamaa wakapanda, swali la kwanza halikuwa makaratasi, lilikuwa pesa. Wakachukua simu zote, wakachukua hela za nahodha, alafu mmoja akapiga simu kwa mtu na baada ya hapo lugha ikabadilika, sasa ikawa "mmeingia kwenye maji yetu, mnakamatwa." Nahodha akasema hawajafika nusu ya ziwa. Hakuna aliyeweza kuthibitisha, si yeye si wao, na tutaona hiyo ilivyogharimu.

Walivutwa kwa kamba mpaka alfajiri. Wakafikishwa kwenye ufukwe wenye nyumba ya bati, bendera ya nchi mbele, mwembe, na chini ya mwembe meza. Mkubwa wa pale alikuwa na shati la kiraia. Akasema kosa ni kuingia bila ruhusa na kubeba watu wasioandikwa, kuna faini, boti na injini vinabaki kama ushahidi, shehena inachukuliwa na serikali.

Hapo ndo Mama Z alipofanya kitu ambacho nimekifikiria mara nyingi. Hela walizozipekua majini zilikuwa za nahodha, za kwake zilikuwa kwenye kibindo na hakuna aliyethubutu kumgusa mama wa umri ule. Akazitoa, akahesabu faini mezani, akaziwekea kiganja juu na kusema, "Baba, nalipa. Ila nilikotoka nina watoto na nina deni, nitawaambia nini? Niandikie." Yule mkubwa akamwambia hapa hakuna risiti. Akarudia, "Niandikie hata kwenye karatasi ya shule." Hakutoa kiganja. Ikawa kimya muda mrefu, nahodha anasema yeye alikuwa anaomba Mungu mama aache. Mwisho jamaa akachana karatasi ya kaunta buku, akaandika kiasi, akaandika "faini ya kuingia", akaandika "boti moja, injini moja, chumvi", akaweka sahihi na kugonga muhuri wa ofisi. Tarehe aliikosea kwa siku mbili.

Walikaa siku tatu. Jioni ya siku ya kwanza magunia ya chumvi yalibebwa kupelekwa nyuma ya nyumba ya mtu, sio kwenye ghala la serikali, Mama Z alikaa chini ya mwembe anayahesabu kwa macho. Siku ya nne waliachiwa, wakapewa lifti na boti ya mizigo iliyokuwa inarudi Kigoma. Wale wa msiba walikuta maiti ameshazikwa.

Walichoamua waliporudi, na kwa nini

Mzee K alienda kituo cha polisi kesho yake akaripoti kwamba boti yake imetekwa na majambazi wasiojulikana. Karatasi ya Mama Z hakuitaja. Mahali walipopelekwa hakupataja. Nilipomuuliza kwa nini, alinijibu bila kuficha: akiitoa karatasi itabidi aeleze walikamatwa kwa kosa gani, na kosa mojawapo ni kubeba watu wasioandikwa, yeye ndo aliyeomba wabebwe, aliogopa kufungiwa leseni na mkopo unamsubiri. Kwa kichwa cha mtu mwenye deni ni uamuzi unaoeleweka. Faili likafunguliwa la unyang'anyi wa kutumia silaha, ambalo kwa Kanuni ya Adhabu yetu ni kifungu 287A na adhabu yake haipungui miaka 30, lakini washtakiwa hawajulikani, hawapo nchini, na hakuna pa kuanzia. Polisi hawawezi kuvuka ziwa kwenda kumtafuta mtu wa yeboyebo.

Wakati huo huo wenye maboti wenzake waliitana. Wengine walitaka walipize, maana kulikuwa na boti mbili za ng'ambo zimefunga mwaloni siku hiyo na vijana walishaanza kuzitolea macho. Wazee wakakataa katakata. Hoja yao ilikuwa kwamba wenye zile boti ni wachuuzi kama wao, hawajamkamata mtu, na ukishika chombo cha mtu asiye na kosa ili kumlipizia mwenye kosa unakuwa umewafungulia wale wa ng'ambo mlango wa kufanya hivyo hivyo kila wiki. Naliheshimu sana hili kuliko kitu kingine chochote kwenye kisa hiki, na hapo chini nitaeleza kwamba mataifa makubwa yalichukua karne kadhaa kufika pale walipofika wazee wetu ndani ya jioni moja.

Wakaamua kutumia njia ya ukoo. Mzee mmoja mwenye wakwe ng'ambo akatumwa na ujumbe na zawadi. Akarudi baada ya wiki tatu na jibu kwamba "injini ipo, msubiri." Wakasubiri. Siku zikawa zinakwenda.

Mama Z ndo alikuja kwangu, sio Mzee K. Alikuja na ile karatasi imekunjwa mara nne ndani ya mfuko wa nailoni, ndani ya mkoba wa kanisani, siku ya 71.

Je, huu ulikuwa uharamia?

Mwaloni kila mtu alikuwa anasema maharamia. Hata mimi nilipoanza kusikiliza ndo neno lililonijia. Lakini ukilichukua hilo neno ukaenda nalo mbele ya sheria linakuponyoka, na ni vizuri tuelewe kwa nini, maana watu wa ziwa tunapoteza haki zetu hapa hapa.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa mwaka 1982, ambao Tanzania imeuridhia, ibara yake ya 101 inasema uharamia ni ukatili, kuteka au kupora kunakofanywa kwa manufaa binafsi, na watu wa chombo binafsi, dhidi ya chombo kingine, kwenye bahari kuu au mahali ambapo si himaya ya nchi yoyote. Angalia masharti hayo moja moja. Bahari kuu: ziwa letu si bahari kuu, kila tone lipo ndani ya nchi mojawapo kati ya zile nne. Chombo binafsi: kama ile fiba ni ya serikali basi sharti limeanguka, isipokuwa kama wahudumu wake wameasi na kuiteka, hiyo ipo ibara ya 102. Manufaa binafsi: chumvi ilienda nyuma ya nyumba ya mtu, hapo pekee ndo inafanana. Kwa hiyo dola ikikupora kwa mkono wake, sheria ya uharamia haikusaidii. Ina jina lingine na mlango mwingine.

Hili halikutokea kwa bahati mbaya, lina historia ndefu. Zamani wafalme wa Ulaya walikuwa wanawapa wenye meli binafsi barua ya ruhusa ya kupora meli za adui, mwenye barua anaitwa shujaa, asiye nayo ananyongwa, na kazi ni ile ile. Mwaka 1579 Francis Drake wa Uingereza aliipora meli ya Hispania iliyojaa fedha kwenye Bahari ya Pasifiki, Wahispania wakamwita haramia, na mwaka 1581 alipewa heshima ya kuitwa Sir kwenye sitaha ya meli yake mwenyewe huku malkia Elizabeth wa Kwanza akiwa amepata fungu lake la mali. Pwani ya Afrika Kaskazini nako watawala wa Algiers, Tunis na Tripoli walikuwa wanakamata meli za nchi zisizolipa ada, ukilipa unapita, usipolipa mabaharia wako wanakuwa watumwa. Kote huko kupita salama ilikuwa bidhaa ya kununua. Haikuwa haki. Ni tarehe 16 Aprili 1856, kwenye Azimio la Paris, ndo mataifa mengi yalikubaliana kwamba kuwapa watu binafsi ruhusa ya kupora baharini kumekomeshwa, na hapo ndo wazee wetu walipofika kwa jioni moja walipokataa kushika boti za wasio na kosa. Marekani ilikataa kusaini wakati huo kwa sababu ilitaka mali za watu binafsi zilindwe zaidi ya pale, na jeshi lake la majini lilikuwa dogo.

Lakini kisa kinachofanana na chetu kabisa ni cha 1937. Wakati wa vita ya wenyewe kwa wenyewe Hispania, meli za mizigo zilikuwa zinazamishwa kwenye Bahari ya Mediterania na nyambizi zisizo na alama. Kila serikali ilijua ni za Italia. Mwezi Septemba mwaka huo nchi tisa zilikutana Nyon, Uswisi, zikakubaliana kwamba mashambulizi hayo yahesabiwe kama vitendo vya uharamia na nyambizi itakayoshambulia kinyume na utu ishambuliwe. Italia haikutajwa. Neno uharamia lilitumika kama kitambaa cha kufunika jina la dola iliyokuwa inafanya. Kule lilisaidia, kwa sababu nyuma ya neno kulikuwa na manowari za Uingereza na Ufaransa zinazopiga doria na mashambulizi yakapungua sana. Sisi nyuma ya neno letu hatuna manowari. Mzee K aliposema "majambazi wasiojulikana" aliwafunika kabisa wale wa ng'ambo, maana jambazi asiyejulikana hana serikali, na asiye na serikali hana wa kudaiwa.

Sasa mlango sahihi ni upi. Sheria ya kimataifa ya wajibu wa dola, kama ilivyoandikwa na Tume ya Sheria ya Kimataifa ya Umoja wa Mataifa mwaka 2001, inasema kitendo cha ofisi au mtumishi wa dola ni kitendo cha dola, na ibara ya 7 inaongeza kwamba hata kama mtumishi amevuka mipaka ya kazi yake au amekaidi maagizo, bado dola inabeba, ili mradi alikuwa anatenda kwa cheo hicho. Kwa hiyo yule mtu wa mwembe hata kama faini aliila mwenyewe, alikaa chini ya bendera, aliandika "faini", akagonga muhuri. Ule muhuri ndo uliofanya uporaji wa saa saba usiku uwe kitendo cha serikali. Ndo maana naiita karatasi ile mali kubwa kuliko injini.

Na hata kama boti kweli ilikuwa imevuka mpaka, bado kuna namna ya kukamata chombo cha mtu. Kuna kesi ya meli ya mafuta iitwayo Saiga, yenye bendera ya Saint Vincent na Grenadines, ambayo Guinea iliikamata mwaka 1997 kwa risasi na watu wawili wakaumia. Mahakama ya Kimataifa ya Sheria ya Bahari kule Hamburg mwaka 1999 ilisema nguvu iepukwe kadiri inavyowezekana, kwanza utoe ishara ya kusikika au kuonekana, na nguvu ikibidi iwe ya kiasi. Guinea ikaamriwa kulipa dola za Marekani 2,123,357 na riba. Ile ni sheria ya baharini, siwezi kuibeba yote kuileta ziwani, lakini ule msimamo wa ishara kwanza na nguvu mwisho unatokana na utu wa kawaida. Boti bila taa na bila bendera inayoanza na risasi haiwezi kumwambia mtu baadaye kwamba ilikuwa inakagua orodha ya abiria.

Kuna mtu aliniuliza, mbona Waingereza walikamata meli ya Wajerumani hapa hapa ziwani na hakuna aliyesema uharamia? Kweli, Desemba 1915 waliikamata Kingani, wakaipa jina la Fifi na kuitumia wao. Ila ile ilikuwa vita, meli ya kijeshi dhidi ya meli ya kijeshi. Leo hakuna vita kati ya Kigoma na ng'ambo, kuna chumvi na vitenge, na tofauti hiyo ndo yote.

Mlango mwenyewe uliokuwa wazi kwao ni Mahakama ya Afrika Mashariki, Arusha. Nchi ya ng'ambo kwenye kisa hiki ni mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Ibara ya 30 ya Mkataba wa Jumuiya inamruhusu mkazi yeyote wa nchi mwanachama, mtu wa kawaida, kupeleka malalamiko dhidi ya kitendo cha serikali ya nchi mwanachama kinachovunja mkataba, na ibara za 6(d) na 7(2) zinazitaka serikali hizi kufuata utawala wa sheria. Huhitaji kwanza kushinda kesi kwenye mahakama za kule. Ila muda wake ni miezi miwili tangu kitendo au tangu ulipokijua, na mahakama imekuwa kali sana kwenye huo muda. Mama Z alikuja siku ya 71. Nilimwambia hivyo nikiwa nimeshika karatasi yake mkononi, alinyamaza, alafu akaniuliza, "Kwa hiyo wiki zile tatu tulizokuwa tunasubiri mzee arudi?" Ndiyo mama, wiki zile tatu zilikuwa ndani ya ile miezi miwili.

Tulichofanya baada ya hapo na kilichopatikana

Tulianza kwa Mzee K. Ilinichukua vikao viwili kumshawishi arudi polisi kurekebisha maelezo, akiri wale abiria wawili, aweke nakala ya karatasi kwenye faili. Alionywa na kutozwa, leseni haikufungiwa. Kile alichokuwa anakiogopa kilikuwa kidogo kuliko alichokipoteza kwa kukiogopa, na nilimwambia hivyo kwa heshima, naye alikubali.

Baadaye tuliandika barua kwa ofisi ya wilaya ikiwa na viambatisho vyote: karatasi ya muhuri, usajili wa boti, makaratasi ya forodha ya chumvi, maelezo ya watu watano kila mmoja ameandikiwa peke yake. Barua haikuwa na neno uharamia hata moja. Iliandikwa kwamba ofisi yenye muhuri huu ilipokea kiasi hiki na inashikilia mali hizi, tunaomba zirudishwe au itolewe nakala ya uamuzi wa mahakama ulioamuru zitaifishwe. Suala likaingizwa kwenye kikao cha ujirani mwema kati ya viongozi wa pande mbili. Nilivyosimuliwa na waliokuwepo, upande wa pili walianza kwa kusema hawajui, labda ni wahuni, ziwa lina wahuni wengi. Karatasi ikawekwa mezani. Kikaendelea kikao kingine kabisa.

Mwezi wa tano baada ya tukio injini ilirudi, imekatwa nyaya na propela haipo, lakini inatengenezeka na ilitengenezwa. Boti haikurudi, ilikuwa imekaa juani ufukweni miezi yote hiyo mbao zikaachia. Chumvi haikulipwa. Faini haikurudishwa. Yule kijana wa miaka 19 aliacha ziwa, sasa hivi anaendesha bodaboda mjini na hataki kabisa kupanda hata boti ya kwenda kijiji cha jirani.

Kilichobeba na kilichoangusha

Nahodha kuzima injini kulibeba maisha ya wote waliokuwa ndani ya boti. Nimesikia wengine mwaloni wakisema angekimbia. Angekimbiaje, injini moja ya 40 na magunia ya chumvi dhidi ya injini mbili na boti tupu? Na katikati ya ziwa usiku risasi moja kwenye mbao inatosha.

Mama Z kudai maandishi kulibeba kila kilichopatikana baadaye. Simshauri kila mtu aweke kiganja juu ya hela mbele ya mtu mwenye bunduki, yeye alipima, aliona tayari wako nchi kavu, kuna bendera, kuna watu wanapita, na mkubwa ana muhuri wa kulinda. Majini saa saba usiku hakuthubutu kufungua mdomo, na alifanya vizuri. Tofauti ya mahali ndo aliyoisoma.

Wazee kukataa kulipiza kulibeba ile njia ya vikao. Kama zile boti mbili zingeshikwa, pale mezani kila upande ungekuwa na karatasi yake ya malalamiko na tungekuwa tunahesabiana mpaka leo.

Kilichoangusha, kikubwa ni yale maelezo ya kwanza polisi. Kingine ni kutegemea njia moja. Kumtuma mzee mwenye wakwe kulikuwa sahihi kabisa na bila yeye tusingejua hata injini ipo wapi, ila barua na malalamiko rasmi vingeenda siku hiyo hiyo sambamba, ukoo unaenda kwa mwendo wake na muda wa mahakama unaenda kwa mwendo wake na hausubiri.

Alafu kuna suala la mahali. Mpaka leo hakuna anayeweza kusema boti ilikuwa wapi ilipokamatwa, na upande wa pili waliling'ang'ania hilo kwenye kikao. Simu janja inasoma setilaiti hata bila bando na hata bila mtandao. Siku hizi nahodha kila baada ya saa moja anafungua ramani, anapiga picha ya skrini yenye saa na mahali, na simu hiyo anaifunga kwenye mfuko wa nailoni ndani ya dumu la akiba la mafuta lililokatwa. Alijifunza mwenyewe, mimi nilimwonyesha tu pa kubonyeza.

Na orodha ya watu. Nahodha sasa ana daftari, na asiyeandikwa hapandi hata kama ni ndugu wa mwenye boti. Juzi tu nilimkuta mwaloni jioni anabishana na mama mmoja mwenye mtoto mgongoni aliyekuwa anawahi mgonjwa ng'ambo. Hakumkatalia. Alimpeleka mwenyewe mpaka uhamiaji, akakaa nje kwenye benchi anamsubiri mpaka akagongewa, boti nzima ikachelewa karibu saa nzima na abiria wananung'unika, alafu akaandika jina la mama na la mtoto, kwa kalamu, wakaondoka.

Karatasi halisi anayo Mama Z. Anaendelea na biashara ya chumvi, kwa boti ya mtu mwingine.